Ziwa Hutaka Mtu wa Kukaa Nalo



Majuma mawili yaliyopita tulipokea barua ya baba mmoja, Mkristu wa parokia iliyo kando ya Ziwa Kivu. Ameandika kwa mwandiko mzuri na kwa heshima, lakini hasira yaonekana kati ya mistari. Binti yake wa pili amepata diploma ya Serikali. Jamaa yote ilikaa, mashangazi na baba wadogo wakaitwa, ikakubaliwa kwamba mtoto aingie chuo kikuu akasome sheria, au utabibu kama akiba yatosha. Mtoto akasimama mbele ya wazee, akasema ataka kusoma elimu ya viumbe wa majini, ile ambayo wenye shule huiita hidrobiolojia. Baba huyo atuuliza hivi: "Mwalimu, mimi nimelipa karo miaka kumi na miwili. Mama yake ameuza sambaza sokoni tangu mtoto huyu akiwa mgongoni. Je, tumeteseka hivyo ili mtoto arudi palepale ziwani? Maji nayo husomwa? Maji si ya kunywa na kuoga?"

Tulicheka kidogo, hatukatai. Kisha tukaacha kucheka, kwa maana swali lake ni la haki, na wazazi wengi wanalo moyoni ijapokuwa hawaandiki. Chuo kikuu hula fedha ya jamaa nzima. Yafaa mzazi aulize kitarudisha nini. Basi leo, badala ya kuendelea na habari tuliyoianza juma lililopita, tutamjibu baba huyo, na wengine wasikilize.

Tuanze na hao sambaza waliomlipia binti karo.

Wazee wa miaka themanini wa Bukavu, wa Kalehe na wa Idjwi waweza kushuhudia kwamba walipokuwa watoto sambaza hawakuwapo katika Ziwa Kivu. Ziwa hili tangu asili lina aina chache za samaki, hali Ziwa Tanganyika lina mamia. Volkano za Virunga ndizo zilizolifungia njia ya kaskazini. Maji yakapanda, yakatafuta mlango wa kusini, yakaanza kushuka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika. Mwaka 1935 Hubert Damas wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, alikuja na vyombo vyake akalipima. Aliona jambo la kustaajabisha: mahali pengi maji huzidi kuwa baridi kadiri ushukavyo, lakini humu maji ya chini kabisa yana joto kuliko yale ya juu yao, tena yana chumvi na gesi nyingi. Maji hayo mazito hukaa chini, hayachanganyiki na ya juu. Samaki hawawezi kuishi huko. Uhai wote wa ziwa, ambalo lina kina cha meta 485, umo katika tabaka jembamba la juu.

Tena katika tabaka hilo, mbali na ukingo, hapakuwa na samaki wa kula wale wadudu wadogo mno wa majini ambao jicho huwaona kwa shida. Chakula kilikuwapo, mlaji hayupo, na watu wa pwani wana njaa. Ndipo kati ya miaka 1958 na 1960 Mbelgiji aitwaye Collart alipoleta vitoto vya samaki kutoka Ziwa Tanganyika. Walikusudia kuleta aina mbili za ndakala. Moja tu ndiyo iliyoshika. Jina lake katika vitabu ni Limnothrissa miodon. Sokoni jina lake ni sambaza. Watu wakajifunza kuvua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukishuka katikati, na nyimbo za wavuvi zikisikika hadi vilimani. Kwa hiyo, baba mpendwa, samaki aliyemsomesha binti yako aliwekwa majini na watu waliosoma maji. Hili peke yake lingetosha kukujibu, lakini habari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo tuipendayo zaidi.

Mwaka 1986 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Gent, Henri Dumont, aliandika makala ya kuonya. Aliuliza kama sambaza hawatakuwa msiba mwingine kwa Afrika. Sababu zake hazikuwa za ovyo: samaki huyo mgeni alikuwa amekula wadudu wale wa majini kwa pupa, wakapungua sana, na aina moja iliyokuwa kubwa kuliko nyingine ikatoweka kabisa ziwani. Mlaji akimaliza chakula naye hufa. Mtaalamu akaogopa kwamba uvuvi wote utaanguka.

Je, ulianguka? Kwa kujua hilo ilibidi watu wakae. Wakaendelea kupima. Pale Bukavu, katika Institut Supérieur Pédagogique, walimu Wakongo walijenga kikundi cha kufundisha na kuchunguza mambo ya majini. Boniface Kaningini, mmoja wao, aliwachunguza sambaza wa ghuba ya Bukavu, wanavyokua, wanavyozaa na wanavyovuliwa, akapata udaktari wake mwaka 1995 katika chuo kikuu cha Namur kilichoongozwa na Wayezuiti. Tangu mwaka 2002 wenziwe pamoja na wa Namur wakawa wanakwenda mara kwa mara katika ghuba ya Ishungu kuchota maji, kuhesabu mimea midogo na wadudu wadogo, kupima joto, kisha kurudi tena baada ya siku chache kufanya yaleyale. Wakapima pia wingi wa samaki kwa sauti: chombo hupeleka sauti chini ya maji, na miili ya samaki huirudisha kama mwangwi wa mlimani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba wingi wa sambaza haukuwa umepungua ukilinganishwa na ule wa miaka ya 1980. Ziwa lilikuwa limepata mizani mpya.

Sisi hatumcheki mtaalamu wa Gent. Aliona hatari ya kweli, akasema. Kunyamaza kungekuwa kosa kubwa zaidi. Lakini tazameni: kama Serikali ingetaka kuamua kwa onyo lile peke yake, pengine ingewafungia maelfu ya watu riziki bure. Na kama ingetaka kuamua kwa maneno ya mfanya biashara wa nyavu, pengine ingeruhusu kila kitu. Waliotegua kitendawili hiki ni watu waliokuwa radhi kuchota maji yaleyale, mahali palepale, mwaka hata mwaka. Mvuvi hana nafasi ya kazi hiyo, kwa maana lazima avue apate kula. Mwenye cheo serikalini hubadilishwa kabla mtumbwi wake haujakauka. Misaada ya wageni huja na tarehe ya mwisho. Chuo kikuu, kikiwa chuo kikuu kweli, chaweza kukaa miaka mia, mwanafunzi akimpokeza mwanafunzi daftari.

Tukitaka kuona uvumilivu huo wafaa nini, tushuke na maji ya Ruzizi hadi Tanganyika. Mwaka 1913 msafara wa Mbelgiji Louis Stappers ulipima joto la maji ya ziwa lile kwa kushusha kipima joto kwa kamba. Nani wakati ule angeuliza faida yake? Nambari ziliandikwa, zikawekwa. Mwaka 2003, miaka 90 baadaye, vikundi viwili vya wataalamu vilizifungua nambari za kale, vikazilinganisha na mpya, vikaona ziwa limepata joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, upepo wa kiangazi washindwa kuyachanganya na ya chini, na mbolea iliyolala kilindini haipandi kuilisha ile mimea midogo ambayo ndiyo shamba la ndakala. Kikundi kimoja kilikadiria kwamba mazao ya shamba hilo yamepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hayo yaweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Wengine wakabisha, wakasema nyavu nazo zina hatia. Ugomvi wa wasomi wakati mwingine ni mwema, kwa maana mwaka 2016 wengine tena walitoa nguzo za matope chini ya ziwa, wakasoma mabaki ya samaki tabaka kwa tabaka kama mtu asomaye kurasa za kitabu, wakaonyesha kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara. Basi visababu ni viwili, na kila kimoja chataka dawa yake.

Mwaka ule ule wa 2003, tarehe 12 Juni, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi Dar es Salaam mapatano ya kulilinda Ziwa Tanganyika pamoja. Na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei, samaki wapate kuzaa na kukua. Wazeni mwanamke wa kijiji cha wavuvi katika miezi hiyo mitatu, sufuria iko mkononi. Anayemwambia ngoja anapaswa kuwa na hesabu mkononi, tena hesabu ya kweli, na baada ya miezi hiyo arudi kumwonyesha kama kungoja kwake kulizaa kitu. Bila hesabu hiyo, kufunga ziwa ni kumpiga maskini kwa fimbo ya sheria.

Sasa tupande tena Bukavu, tutazame jambo lililo karibu na pua zetu.

Mvua ikinyesha katika mji ule wa vilima, mifereji hushusha kila kitu: udongo, maganda, na hasa chupa na mifuko ya plastiki. Vyote huingia ziwani. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Ruzizi. Na karibu sana na mlango huo, katika Mururu, ndipo palipo bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa uliyoitupa katika mfereji wa Kadutu haina njia nyingine; siku moja itafika bwawani. Takataka hizo zimeziba mashine mara nyingi, hata imebidi wapiga mbizi washuke kuzitoa kwa mikono, na mashine zikisimama umeme hukatika Bukavu na Uvira.

Umeme ukikatika, pampu ya maji husimama. Pampu ikisimama, robine hukauka. Robine ikikauka, mama huchukua kibido chake akaenda mtoni au ziwani. Na hapo twafika kwenye habari ya Uvira. Watu wa chuo cha London kiitwacho London School of Hygiene and Tropical Medicine walichukua madaftari mawili ya kawaida kabisa: moja la mtambo wa maji wa Uvira, lililoandika kila siku maji kiasi gani yamepelekwa mjini, na moja la mahali pa kuwatunza wagonjwa wa kipindupindu, lililoandika kila siku wangapi wameingia. Wakayalinganisha, tangu 2009 hadi 2014. Waliyoyatangaza mwaka 2015 ni haya: baada ya siku isiyo na maji ya robine, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa waliongezeka hata kupita mara mbili. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile walihesabiwa kuwa wameletwa na kukatika kwa maji.

Twakiri kwamba hakuna mtu aliyeifuata chupa moja ya Kadutu hadi kitanda cha mgonjwa wa Uvira. Mnyororo huo tumeuunga sisi kwa kufikiri, pete moja moja. Lakini kila pete yajulikana. Na tazameni jambo hili, ambalo latuuma kama walimu: anayesoma samaki yumo katika nyumba moja ya chuo, anayesoma umeme nyumba nyingine, anayesoma utabibu nyumba ya tatu, mwanasheria ya nne, nao hukutana tu kwenye foleni ya kulipa karo. Maji hayakugawanywa hivyo. Kama chuo kikuu chataka kuyalinda maji, cha kwanza ni kuwaketisha hawa wanne kwenye benchi moja, wakiwa na yale madaftari mawili mbele yao. Jambo hilo halihitaji fedha za ng'ambo. Yatosha benchi.

Tumekisifu chuo kikuu vya kutosha, sasa tukikemee kidogo.

Hivi karibuni tulishuka pwani pamoja na wanafunzi wetu wakubwa. Tulimkuta mzee mmoja akishona wavu, tukamsalimu, tukamwomba awaeleze vijana kazi yake. Alikubali kwa furaha. Mwanafunzi mmoja akatoa daftari na kalamu aandike. Mzee akaliona daftari, akanyamaza. Kisha akatuambia sisi, si yule kijana: "Mwalimu, watu wa kalamu huja hapa. Huniuliza majina ya samaki, bei ya wavu, idadi ya watoto wangu. Mmoja aliniuliza hata kama nalala vizuri. Wakijaza karatasi, huondoka. Sijamwona hata mmoja aliyerudi kuniambia, Baba, hiki ndicho tulichokiona. Je, walikiona au hawakukiona?"

Tuliona haya, kwa maana nasi ni watu wa kalamu. Tulimwambia, "Baba, utusamehe." Akacheka, akaendelea kushona, na baada ya muda akawaeleza vijana yote.

Mzee huyu ameonyesha ugonjwa ulipo. Kijana wa chuo huenda pwani kwa sababu lazima aandike kitabu chake cha kumaliza masomo. Akiisha kukiandika kwa Kifaransa, hukitetea mbele ya walimu watatu, watu hupiga makofi, kitabu huwekwa rafuni, na panya hukisoma. Hata kile kitabu kikubwa kizuri juu ya Ziwa Kivu kilichotolewa mwaka 2012 kimeandikwa kwa Kiingereza. Hatusemi ni vibaya. Wataalamu wa nchi nyingi lazima waelewane. Lakini mvuvi wa Idjwi asema Kihavu na Kiswahili. Nani atamletea yake?

Na yaliyo yake si marefu. Tuchukue moja tu. Sambaza wachanga hukaa karibu na ukingo, katika ghuba zenye maji haba, kabla ya kukua na kuelekea kati ya ziwa. Kwa hiyo anayekokota chandarua cha mbu ukingoni hutoa vitoto ambavyo bado havijazaa, na jirani yake aliye na taa na wavu wa kina hatawaona kamwe. Maneno haya husomeka kwa nusu dakika. Yangeweza kutangazwa baada ya Misa ya pili katika kila parokia ya pwani, kijana wa chuo akisimama na vichupa viwili mkononi, kimoja kina sambaza mkubwa, kingine vitoto vya chandarua vimejaa tele. Mapadri wetu hawatakataa, twawajua. Hutangaza hata mbuzi aliyepotea.

Kanisa limekwisha kusema neno juu ya wajibu huo. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1990 juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, aliweka ulinzi wa viumbe vya asili kati ya mambo makubwa ambayo chuo cha namna hiyo chapaswa kuyachunguza, pamoja na haki na amani. Papa Fransisko naye mwaka 2015, katika Laudato Si', alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya kila mtu, kwa sababu bila maji haki nyingine zote hazina wa kuzitumia. Tuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki Bukavu tangu mwaka 1989. Wanafunzi wake ni watoto wa parokia zetu. Hawawezi kusema habari hii ni ya wengine.

Tena tusisahau mfereji wa chuo chenyewe. Tumepita kando ya vyuo, hatutavitaja, ambapo mlangoni pameandikwa maneno makubwa juu ya elimu na nyuma ya ukuta chupa zimelala kama majani ya msimu. Kijana anayejifunza asubuhi mizani ya ziwa na jioni hutupa chupa yake mferejini amesoma kwa kichwa, mkono bado haujaenda shule.

Basi, baba mpendwa uliyetuandikia, turudi kwako.

Hatutakudanganya kuhusu kazi. Anayesoma sheria ana mlango unaojulikana; anayesoma maji atatafuta mlango wake. Mishahara ya wachunguzi ni midogo, mara nyingine haifiki. Petroli ya mtumbwi wa kupimia hukosekana. Na vita vilivyoingia Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari 2025 vimetuonyesha tena kwamba kazi ya miaka mingi yaweza kukatwa kwa siku moja, watu wakikimbia na vitoto vyao. Mzazi ana haki ya kuyapima hayo. Kama akiba ya jamaa yategemea mtoto huyu peke yake kuwalisha wadogo zake mapema, mkae tena, mzungumze naye kwa utulivu, bila mashangazi wengi.

Lakini ukituuliza kama maji husomwa, jibu letu ni ndiyo, na kwamba ninyi wawili, wewe na mama yake, mmekwisha kuanza kumfundisha. Mama aliyeuza sambaza miaka hiyo yote ajua mambo ambayo maprofesa huyatafuta kwa shida: mwezi gani samaki ni wakubwa, mwezi gani ni wembamba, siku ngapi wavuvi hukaa nyumbani mwezi mpevu ukiangaza hata taa zao zisivute kitu, bei yapanda lini, na toka lini. Ila yamo kichwani mwake tu. Siku atakapofariki, nasi twamwombea umri mrefu, yatazikwa naye.

Tumwombe basi afanye jambo moja tangu juma hili, binti akubaliwe au asikubaliwe. Anunue daftari la shule. Kila siku ya soko aandike, au amwambie mtoto mdogo aandike: tarehe, sado ngapi za sambaza zimefika, bei ya sado moja, samaki ni wakubwa au wadogo, na mwezi umefika wapi angani. Mistari mitano, si zaidi. Siku asipokwenda sokoni, aandike kwamba hakwenda, maana siku tupu nazo ni habari. Sisi tutafanya vivyo hivyo na wanafunzi wetu: tumekwisha kupigilia mti wenye alama za sentimeta mahali maji yalipotulia karibu na gati, na kila Jumatatu na Alhamisi wawili wataandika maji yamefika alama gani na mvua imenyesha au hapana. Mti wa kwanza uliibiwa kwa kuni baada ya siku nne. Wa pili tumeupigilia mbele ya nyumba ya yule mzee mshona nyavu, naye amekubali kuulinda, kwa sharti moja: kila mwisho wa mwezi mwanafunzi amsomee hesabu zote kwa sauti.

Wewe nawe, binti yako akienda, mwekee sharti hilohilo. Na akirudi likizo ya kwanza, mje na daftari la mama yake hapa shuleni. Tutaleta letu, tuyaweke pamoja juu ya meza tuone yanasema nini.